Benki Inapofunga Akaunti: Mipaka ya Uwezo Wake na Haki ya Mteja

Akaunti ya benki ni mkataba, na mkataba usio na kikomo cha muda unaweza kuvunjwa na upande wowote, mradi taratibu zake zifuatwe. Mteja anaweza kuifunga akaunti yake siku yoyote aitakayo, na benki nayo, kupitia masharti ambayo mteja huyatia saini siku ya kwanza na pengine asiyasome, hujiwekea haki hiyohiyo. Hata hivyo, haki hizi mbili hazina uzito sawa, kwa kuwa mteja akiondoka benki hupungukiwa na mtu mmoja kati ya maelfu, ilhali benki ikimwacha mfanyabiashara wa omena wa Mbita au mnunuzi wa nafaka wa Isebania, mtu huyo hukosa kwa mpigo mmoja njia ya kulipwa, ya kulipa na ya kukopa. Ndiyo maana sheria ya Kenya imeuwekea uwezo wa benki mipaka ambayo kila mteja anastahili kuijua.

Kwanza, ni lazima kutofautisha hali tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Akaunti iliyolala ni ile isiyotumiwa kwa muda mrefu, nayo huamshwa mwenyewe anapofika tawini na kitambulisho. Lakini akikaa kimya miaka 5, Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011 huitaka benki izikabidhi fedha hizo kwa mamlaka ya serikali, ambayo huzitunza mpaka mwenyewe au mrithi wake azidai. Akaunti iliyozuiwa ni ile ambayo fedha zake haziguswi kwa agizo la mahakama au la mamlaka ya serikali, na anayepinga hukabiliana na aliyetoa agizo zaidi kuliko benki yenyewe. Mfano wake ni akaunti za mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, zilizozuiwa mwaka 2015 baada ya shambulio la kigaidi la Garissa, kisha Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe mwaka huohuo. Akaunti iliyofungwa, ambayo ndiyo mada ya makala haya, ni ile ambayo benki yenyewe imeamua kusitisha uhusiano wake na mteja.

Sababu kubwa ya uamuzi huo siku hizi ni hofu ya utakatishaji wa fedha, yaani kuzipitisha fedha za uhalifu katika biashara au akaunti ili zionekane halali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 huilazimisha benki kumjua mteja wake, kujua chanzo cha fedha zake na kuripoti muamala wowote unaotia shaka, na shinikizo lilizidi Februari 2024, pale shirika la kimataifa la FATF lilipoiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Uchumi wa kaunti za Migori na Homa Bay, kwa jinsi ulivyo, huweza kuishtua benki hata pale ambapo hakuna kosa. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi unapong'aa mapato hupungua, na kila mwaka kati ya Aprili na Julai uvuvi wake hufungwa ili samaki wazaliane. Akaunti ya mchuuzi hutulia miezi minne, kisha ghafla hujaa fedha taslimu. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Nyatike nayo hununuliwa kwa gramu palepale machimboni, mara nyingi bila risiti, na biashara ya mpakani Isebania na Sirare huchanganya shilingi za nchi mbili. Mtambo wa benki unaosoma tarakimu tupu haujui mwezi wala msimu, na ni juu ya mteja kuueleza kwa karatasi.

Ukimya wa benki ndio unaowaumiza wengi zaidi. Barua huja na sentensi moja au mbili zinazosema kwamba uhusiano umesitishwa kwa mujibu wa masharti, na meneja wa tawi akiulizwa hushika maneno hayohayo. Pengine benki haina sababu nzito ya kueleza; lakini pia sheria hufanya kuwa kosa la jinai kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa, na kwa hiyo ofisa aliye mbele yake huenda hana ruhusa ya kusema hata akitaka. Kumfokea hakusaidii kitu.

Pamoja na hayo, kuna mambo mawili ambayo benki haiwezi kuyakwepa. La kwanza ni fedha. Tangu hukumu ya Foley dhidi ya Hill, iliyotolewa Uingereza mwaka 1848, benki huhesabiwa kuwa mdaiwa wa mteja wake, na kwa kuwa sheria za Kenya zilipokea kanuni za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, msingi huo ni wa Kenya pia: akaunti ikifungwa, salio hubaki deni, na benki sharti ilirudishe baada ya kukata kile tu ambacho mteja anadaiwa kihalali. La pili ni muda. Katika kesi ya Prosperity dhidi ya Lloyds ya mwaka 1923, mahakama ya Uingereza iliona kwamba notisi ya mwezi mmoja haikutosha kwa biashara ya mteja yule, ingawa ilikataa kuilazimisha benki kuendelea kumhudumia. Mwaka 2013 kampuni ya kutuma fedha ya Dahabshiil, tegemeo la familia nyingi za Kisomali, ilipata London amri ya muda dhidi ya Barclays iliyotaka kuifungia akaunti, na mwaka 2014 pande mbili zikapatana kampuni ipewe nafasi ya kuhamia kwingine. Hukumu za Uingereza za karne ya 20 na 21 haziifungi mahakama ya Kenya, lakini huweza kuishawishi, na zote mbili zaonyesha kwamba ushindi wa mteja kwa kawaida huwa ni muda au fidia. Ni nadra kuwa ndoa ya kudumu na benki isiyomtaka.

Hatua ya kwanza ya kupinga ni barua, iliyoandikwa mapema, ikapelekwa tawini na nakala yake kupigwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo itaje namba ya akaunti na tarehe ya notisi, iulize ni sharti lipi la mkataba limetumika, iombe muda wa ziada kwa kutaja malipo yanayosubiriwa, na ieleze salio lipelekwe wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo daftari linapookoa: vipimo vya samaki vilivyoandikwa ufukweni na kikundi cha usimamizi wa ufuo, risiti za ushuru wa kaunti, hati za forodha, na kumbukumbu za chama zenye saini za wanachama.

Tawi lisiporidhisha, malalamiko huenda makao makuu ya benki, kisha kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo miongozo yake ya mwaka 2013 huzitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo humpa mteja haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa na benki, na akinyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayepaswa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Salio likizuiliwa na lisizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ina uwezo wa kusikiliza dai hilo na hutakiwa kuliamua ndani ya siku 60. Anayetaka amri ya kusimamisha ufungaji wenyewe hana budi kwenda mahakama ya juu zaidi, na Mahakama Kuu ina vituo Migori na Homa Bay.

Benki ina haki ya kumuaga mteja, lakini haina haki ya kumtoa nje usiku, mikono mitupu, bila kumpa muda wa kutafuta pa kulala. Mteja aliyepokea barua ya namna hiyo asiitie mfukoni akangoja. Aijibu kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa kupita.