Mbona hakuna anayemkatiza?

Fundi viatu wa mtaani kwetu Kaptembwo, hapa Nakuru, ni Mjaluo wa rika la babangu. Majuzi nilimpelekea kiatu kilichobanduka soli, na nikingoja nikamchezea kwenye simu albamu ninayoisikia ikisifiwa tangu nianze kuandika kuhusu muziki: En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada. Nyimbo mbili zikapita hajasema neno. Ya tatu ilipoanza, akaweka kiatu chini.

"Huyu anampigia nani?"

"Anapiga tu, mzee."

"Na mbona hakuna anayemkatiza?"

Sikuwa na jibu. Ninakiri kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikiitikia sifa za albamu hiyo kwa kichwa tu, kama mtu anayechekea mzaha ambao hakuusikia vizuri.

Ogada alihamia Uingereza mwaka 1986, akawa anapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London hadi waandalizi wa tamasha la WOMAD wakamwona. Albamu yenyewe ilitoka mwaka 1993 chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Huko ng'ambo ikapendwa kwa utulivu wake: sauti laini, nyuzi zinazodonda taratibu, nafasi tele katikati. Ni muziki wa mtu aliyeketi peke yake usiku, taa zimezimwa.

Sasa jaribu kuucheza Nakuru Ijumaa usiku. Hapa kipimo ni mugithi. Mwenye gitaa anaunga wimbo na wimbo bila kupumua, anawataja wateja kwa majina, watu wanashikana mabega na kuzunguka meza kama treni. Asiyeinua watu vitini hualikwa mara moja tu.

Lakini fundi hakuwa akitaka mugithi. Nyatiti anaijua. Ina nyuzi 8. Mpigaji huketi kwenye kigoda cha chini, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao wa ala yenyewe. Na katikati ya wimbo kuna pakruok: mtu anasimama, anatoa pesa, ala inanyamaza, naye anajisifu. Anasifu ukoo wake, shemeji zake, hata mafahali wake, watu wanacheka, kisha wimbo unarudi. Mpigaji mzuri hupimwa pia kwa mara ngapi amekatizwa. Kwa sikio hilo, ule utulivu unaosifiwa Ulaya ni ukumbi mtupu.

Kuna na suala la maneno. Kothbiro, wimbo unaojulikana kuliko yote kwenye albamu hiyo, unasema mvua inakuja, watoto warudishe ng'ombe nyumbani. Ulipoingizwa katika The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyojaa mauaji na majonzi, wasiojua Kijaluo waliusikia kama maombolezo. Siwalaumu. Ukisikia sauti tupu, unaijaza kwa ulichonacho.

Sisi wa Bonde la Ufa tulishawahi kufanya vivyo hivyo. Ukipita Kericho kama unaelekea Sotik utafika Kapkatet, ambako mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, likiwa limezungushwa mdomoni mpaka likakaa Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huku. Kiingereza chake hakikuwa na kazi. Kwa maelezo ya Tracey, mtu yule mwenye gitaa alikuwa amegeuka kiumbe nusu mtu, nusu swala, na wasichana wanamwalika aje kucheza. Wanamwimbia kwa chepkong, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti. Leo rekodi hiyo nayo inaabudiwa na wakusanyaji wa santuri wa ng'ambo, na ukiicheza kwenye matatu ya kwenda Kericho, huenda dereva akakuuliza kama simu yako ina hitilafu.

Naipenda zaidi ya En Mana Kuoyo, nikisema ukweli. Wale wasichana hawakumheshimu Rodgers hata kidogo. Walimchukua, wakamwotesha kwato, wakamwita uwanjani.

Soli ilikuwa imeshashonwa nusu tulipofika Kothbiro. Fundi alikuwa ameinamia kazi, nikadhani amechoka na mimi na simu yangu. Halafu nikasikia nyundo. Haikuwa kwenye kiatu. Ilikuwa kwenye kile chuma chake cha kugongea, taratibu, pale hasa ambapo pete ya mguuni ingegonga. Akaenda hivyo kidogo. Kisha akachomoa sarafu ya shilingi 20 mfukoni, akaiweka juu ya simu, akanionyesha kwa kidole niisimamishe.

Akasimama. Akaanza na jina la babu yake.