Bega la Mgonjwa wa Kiharusi na Mawimbi Yasiyosikika

Kiharusi hupiga ubongo, lakini mara nyingi mgonjwa hulalamikia bega. Tuseme mzee wa Makorora, jijini Tanga, amepooza upande wa kulia. Baada ya majuma machache mkono ule ule usio na nguvu waanza kumwuma hata hapati usingizi. Jamaa zake, kwa nia njema, humkanda na kumvuta mkono ili "mishipa ilegee". Hapo ndipo hatari ilipo. Wala mzee huyo hayuko peke yake: utafiti wa miaka 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam.

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kishimo chenye kina kidogo, mfano wa mpira juu ya kisahani. Hushikiliwa hasa na misuli na makano. Misuli ikipooza, uzito wa mkono hukivuta chini, na makano huweza kuchanika mgonjwa avutwapo mkono kupandishwa kwenye bajaji.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, lakini kano hufichika. Ultrasaundi hulionyesha. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Kifaa cha kupimia bega hutoa kama 10,000,000. Mawimbi hayo husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde, na yakutapo mpaka baina ya tishu mbili, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mwanafunzi na akokotoe: kano likiwa sentimita 2 chini ya ngozi, mwangwi huenda na kurudi kwa sekunde 0.000026 hivi. Kompyuta huzigeuza nyakati hizo kuwa picha. Ute upakwao ngozini si dawa, kama wengi wadhanivyo. Huondoa hewa, ambayo ingeyarudisha mawimbi karibu yote.

Mpimaji huona kano lililochanika au maji yaliyojaa kandokando ya kiungo, na hupima mfupa umeshuka kiasi gani akilinganisha na bega zima. Lakini maumivu yatokayo ubongoni hayana picha. Na kano lililochanika huonekana hata kwa wazee wasioumwa. Kwa hiyo picha husomwa pamoja na uchunguzi wa tabibu.

Nyumbani, mkono uliopooza huegemezwa juu ya mto, na mgonjwa huinuliwa kwa kushikwa kiwiliwili, si mkono wala kwapa.