Picha ya familia na watoto: jipangeni kabla ya kumwita mpiga picha

Nyumbani kwetu Likoni kuna picha moja tu ambayo mimi na marehemu babangu tumo pamoja. Ilipigwa siku ya Idi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye kibanda cha mpiga picha pale karibu na feri. Wakazi wa zamani wanavikumbuka vibanda vile, na mapazia yake yaliyochorwa meli na maua. Baba amevaa kanzu na kofia, mkono wake uko begani mwangu, anatabasamu. Mimi nimenuna. Viatu vipya vilikuwa vinanibana.

Nimeitazama picha ile mara nyingi tangu alipotangulia mbele ya haki, na kila mara nakumbuka viatu kwanza.

Kwa hivyo kaka yangu alipokuja likizo kutoka Maskati, na mama akasema anataka picha na wajukuu wake wote saba, sikulichukulia jambo hilo kama mchezo. Mama ni mtu mzima sasa, na ndege ya kaka ilikuwa na tarehe yake. Mara ya kwanza tulishindwa, mara ya pili tukafaulu. Naandika tuliyojifunza, huenda yakamfaa mwingine.

Chagua saa, kisha uliza maji

Jua letu la Mombasa saa sita mchana liko utosini. Hutia vivuli machoni, na watoto hukunja nyuso. Saa nzuri ni mbili: asubuhi mapema, kuanzia saa moja hadi kama saa mbili na nusu, au baada ya Alasiri mpaka kukaribia Magharibi.

Ukitaka bahari iwe nyuma yenu, kumbuka kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatokea baharini, na mkiipa bahari mgongo nyuso zenu zitatoka nyeusi. Jioni jua liko upande wa bara, linawaangaza usoni.

Hayo tuliyajua, ndiyo maana tukaenda ufuo wa Shelly saa kumi na robo jioni. Tulichosahau ni kuuliza maji. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, na bahari ilikuwa imejaa mpaka hapakuwa na mchanga wa kusimama. Watoto wawili walilowa hadi magotini, mmoja akaanza kulia, na mama alibaki kwenye gari akitutazama. Tukarudi nyumbani bila picha.

Mvuvi yeyote angetuambia. Huku kwetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne. Baada ya kama wiki moja, siku za maji mafu, mambo hugeuka, na jioni ufuo unakuwa mpana. Basi tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Na walio upande wa Mtongwe, wajiepushe na kuelekeza kamera kwenye kambi ya jeshi la wanamaji.

Si lazima iwe baharini

Mara ya pili hatukwenda popote. Tulipiga picha kwenye baraza ya mama, saa mbili asubuhi. Kivuli cha baraza chenye mwanga unaoingia kutoka nje ni kizuri kuliko jua kali, kwa sababu nyuso zote hupata mwanga sawa na hakuna anayefumba macho. Wewe wa Changamwe au Kisauni huna haja ya kulipa nauli ya familia nzima kufuata mandhari. Ukuta safi, mlango, kivuli cha mwembe, vinatosha. Ondoa tu ndoo na kamba ya nguo.

Tumbo, usingizi na viatu

Mtoto mwenye njaa au usingizi hapigiki picha. Panga saa ambayo mdogo kuliko wote ameshalala na kuamka. Mlishe kwanza, na nguo za picha zivaliwe mwisho kabisa. Mahamri makavu hayana neno, lakini mbaazi na chai ya maziwa karibu na kanzu nyeupe ni kujitafutia balaa.

Viatu na nguo mpya zijaribiwe nyumbani siku mbili kabla. Kinachobana au kuwasha kiachwe, hata kama kilinunuliwa kwa bei. Si lazima nyote mvae kitambaa kimoja. Rangi mbili tatu zinazopatana zinatosha. Mitandio ya wasichana itiwe pini, maana upepo hauna adabu.

Anzeni na picha kubwa

Piga picha ya wote kwanza, kabla watoto hawajachoka, ndipo mwende kwenye vikundi vidogo. Bibi akae kitini, wadogo wawe karibu na mtu wanayempenda, na mpiga picha achutame awe sawa na macho ya watoto. Usiwapigie kelele wacheke. Sisi tulimweka binamu yao nyuma ya kamera, akawa anajifanya anaangusha kofia. Baada ya robo saa subira ya watoto huwa imekwisha, basi tosheka.

Nani ataiona?

Hili ndilo ambalo wengi hulisahau, na kwetu mama ndiye aliyelianzisha. "Mwanangu, hizi sura ni zetu, si za mitaani," aliniambia. Ndani ya nyumba zetu wako wanawake ambao hawavui buibui ila mbele ya maharimu zao. Wanayo haki ya kuulizwa mapema. Ikiwezekana mtafuteni mpiga picha mwanamke, na mkubaliane naye kwamba picha haziwekwi kwenye ukurasa wake kutangaza kazi.

Kwa watoto, hata sheria imesema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Ikiwa shule inawajibika hivyo, nasi wazazi tujiulize kabla ya kurusha picha yenye sare ya shule au jina la mtaa. Mtoto wa miaka kumi naye muulize. Sura ni yake.

Mwisho, zichapishe. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika. Toa nakala kwa kila nyumba, andika nyuma majina na tarehe kwa penseli, na uziweke mbali na ukuta wenye unyevu. Picha yangu na baba imedumu zaidi ya miaka thelathini kwa sababu ni karatasi.

Kaka alirudi Maskati na nakala yake. Ya mama iko ukutani sebuleni, yeye katikati, wajukuu saba wamemzunguka. Mmoja anatazama pembeni. Mdogo kuliko wote, wa miaka mitatu, anacheka, na yuko miguu mitupu. Alianza kulalamikia viatu, nikamvua mimi mwenyewe.