Mtoto aliyefiwa: jinsi filamu inavyoweza kukusaidia kuzungumza naye

Mtoto wako amefiwa na baba, bibi au ndugu yake. Haulizi kitu. Mchana anacheza na wenzake, usiku anaanza kukojoa kitandani wakati alikwisha acha. Watu wanakuambia, "Bado mdogo huyo, haelewi." Lakini hata mtoto mdogo huhisi msiba. Anachokosa ni maneno ya kuusema.

Kwa watoto wengi ni rahisi kuzungumzia huzuni ya mtu mwingine kabla ya kuzungumzia yao. Ndiyo maana filamu inaweza kukufungulia mlango.

"Ni kosa langu"

Huenda mtoto wako anaifahamu The Lion King, filamu ya katuni ya mwaka 1994. Mfalme Mufasa anakufa akimwokoa mwanawe Simba asikanyagwe na kundi la nyumbu. Muuaji ni Scar, baba mdogo wa Simba. Lakini Scar anamwambia mtoto kwamba yeye Simba ndiye aliyesababisha kifo hicho. Simba anakimbia, anakua mbali na kwao, na anaubeba uongo huo kwa miaka.

Watoto wengi waliofiwa hubeba mzigo kama huo, hata kama hakuna aliyewadanganya. Mtoto mdogo huamini kwamba mawazo na maneno yake yanaweza kusababisha mambo. Fikiria ni mara ngapi mzazi husema, "Wewe mtoto utaniua kwa presha!" Kwetu ni maneno ya hasira tu. Mzazi huyo akifariki, mtoto anayakumbuka.

Baada ya kutazama, muulize: "Unafikiri Simba alimuua baba yake? Kwa nini alifikiri hivyo?" Msikilize. Kisha mwambie wazi: "Baba alikufa kwa sababu ya ugonjwa. Si kwa sababu ya kitu ulichosema, ulichofanya au ulichowaza." Rudia siku nyingine, hata kama hakuuliza. Mara moja haitoshi.

Tumia neno "amekufa"

Katika filamu hiyo Simba anamsukumasukuma baba yake ili aamke. Watoto walio chini ya miaka mitano mara nyingi hufikiri hivyo: kwamba aliyekufa atarudi. Ukisema "amelala", mtoto anaweza kuogopa kulala. Ukisema "amesafiri", atamsubiri, au atajiuliza kwa nini hakuagwa. Sema: "Amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi." Baada ya hapo unaweza kumweleza imani ya familia yenu.

Kusonga mbele si kusahau

Coco, filamu ya mwaka 2017, inahusu familia ya Mexico ambayo kila mwaka huweka picha za marehemu wao na kuwakumbuka. Bibi kizee Mama Coco amepoteza kumbukumbu. Kitukuu chake Miguel anamwimbia wimbo aliokuwa akiimbiwa na baba yake, na bibi anaanza kuimba naye.

Baadhi ya familia huficha picha za marehemu na kuacha kumtaja ili mtoto asilie. Mtoto anaweza kuelewa kwamba kumkumbuka ni kosa. Mtajeni. Pikeni chakula alichokipenda. Simulia vichekesho vyake. Mkilia, lieni pamoja; mtoto akikuona unalia kisha unapika uji, anajifunza kwamba huzuni na maisha hukaa pamoja.

Kabla ya kuwasha filamu

- Itazame kwanza wewe mwenyewe. Kifo cha Mufasa kinatisha, na Coco inaonyesha marehemu wakiwa mifupa inayotembea.
- Usiharakishe. Siku za kwanza za msiba mtoto anahitaji mikono yako kuliko filamu.
- Kaa naye mpaka mwisho. Usimwachie simu ukaenda jikoni.
- Akitaka kuzima, zima. Akikaa kimya, usimlazimishe kusema. Anaweza kuuliza siku tatu baadaye, mkiwa njiani kwenda dukani.
- Kama alishuhudia kifo cha ghafla au cha kikatili, usimwonyeshe filamu yenye kifo kabla ya kuzungumza na mtaalamu.

Kama hakuna televisheni wala simu, msimulie hadithi ya mnyama mdogo aliyepoteza mama yake. Muulize anafikiri mnyama huyo anajisikiaje.

Tafuta msaada lini?

Mtoto kulia leo na kucheza baada ya dakika kumi ni kawaida. Ndivyo watoto wanavyoomboleza. Lakini nenda kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii ikiwa, kwa wiki kadhaa, mtoto:

- hali au halali vizuri;
- anakataa shule au kucheza;
- anaendelea kujilaumu hata baada ya kuelezwa.

Akisema anataka kufa au kumfuata marehemu, usisubiri hata siku moja. Usimwache peke yake. Tanzania na Kenya unaweza kupiga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto.

Nawe pia umefiwa. Kama huwezi kuzungumza bila kuishiwa nguvu, mwombe shangazi, mjomba au jirani mnayemwamini akae na mtoto atazame naye. Cha muhimu ni mtoto apate mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli: halikuwa kosa lako.