Je, Wajua? Gata, mvinje na kunguru wa Unguja

Je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji? Fanya hesabu. Nyumba ya bati ya mita za mraba 100 pale Tunguu, ikipigwa na mvua ya milimita 20, na masika hiyo ni mvua ya kawaida tu, imemwagiwa lita 2,000. Unguja hatuna mto mkubwa. Maji tunayachota chini ya mawe ya matumbawe. Gata iliyoziba inamwaga ukutani maji ambayo kesho utayatafuta kwa madumu.

Je, wajua uzito wa gata iliyojaa? Yenye upana wa sentimita 10, kina cha sentimita 10 na urefu wa mita 10 hubeba kilo 100 za maji, kabla hujahesabu majani yaliyoloa. Vishikio vikiachana sana, fisha bodi hung'oka bati likiwa bado zima. Kila sentimita 60 weka kishikio, hata fundi akikuambia kimoja kwa mita kinatosha.

Je, wajua kwamba wavu wa gata huchaguliwa kwa mti, wala si kwa bei? Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Majani ya mwembe na mkungu ni makubwa: wavu wa matundu mapana unayazuia, yanakauka juu yake na upepo wa kaskazi unayapeperusha. Mwarubaini una vijani vyembamba vinavyopenya wavu wa kuku kama hakuna kitu. Mtihani hasa ni mvinje. Vijiti vyake huingia kwenye tundu vikasimama wima, vikashika vingine, na baada ya wiki kadhaa una mkeka juu ya gata na maji yanapita juu kwa juu hadi uani. Mwenye mvinje atafute wavu wa stenlesi wenye matundu madogo sana, tena aulaze kwa mteremko ule ule wa bati ili uchafu uteleze.

Ukiwa na makuti jirani, jihesabu kama mwenye mvinje.

Je, wajua kwamba wavu mwembamba nao una adhabu yake? Mvua ya milimita 50 kwa saa hushusha kwenye paa lile la mita za mraba 100 zaidi ya lita 80 kila dakika. Pale mapaa mawili yanapokutana maji huja kwa kasi, yakaruka wavu kabisa. Hapo weka kipande cha bati kilichosimama ukingoni mwa gata kuyarudisha. Sponji za kujaza ndani ya gata? Mimi sizipendi: vumbi hukaa, mbegu huota, na mwaka wa pili una bustani.

Je, wajua kwamba kunguru wanaotupigia kelele Unguja si wenyeji? Waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Sasa hudondosha mifupa juu ya paa na kujengea viota vyao vipande vya waya, hivyo wavu wa plastiki usiofungwa vizuri utadonolewa mpaka ufunuke.

Je, wajua kwamba shaba na alumini hazielewani? Zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Kisiwa hiki hakina pembe iliyo mbali sana na bahari, kwa hiyo skrubu nazo zichaguliwe, siyo gata peke yake.

Je, wajua kwamba Mji Mkongwe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, una adui anayeshuka kutoka juu? Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunywa maji. Mlizamu ukipasuka, ncha ya boriti ya mkoko iliyozikwa ukutani huanza kuoza mahali asipopaona mtu.

Je, wajua kwamba mbu wa Aedes hahitaji dimbwi? Maji kidogo yaliyotuama kwenye gata iliyolala yanamtosha, na mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi. Ndiye anayeeneza dengi na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Wamakonde, mwaka 1952. Kwa hiyo kabla ya wavu, mteremko: sentimita 1 kwa kila mita 2 hadi 3, kuelekea bomba la kushukia. Mwaga ndoo ya maji upande wa juu uone kama yanafika. Yakituama, wavu utakuficha tatizo tu.

Je, wajua kwamba hakuna wavu unaozuia kinyesi cha ndege? Lita kama 50 za kwanza za kila mvua, kwa paa letu lile, zimwagwe kabla tangi halijafunguliwa.

Na wavu usipigiliwe moja kwa moja. Mwambie fundi aufunge kwa klipu, vipande vya mita moja moja, na mdomo wa bomba auwekee kikapu chake cha waya. Februari, masika hayajaanza, kuna atakayepanda ngazi kuufungua. Ngazi ya mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu wa kuishika awepo.