Simba Anayelipa Fidia

Hadithi za Kikristo kwa watoto: sehemu ya pili

Wiki jana tulimwacha John Bunyan katika gereza la Bedford, ana kalamu na muda tele. Tuliona jinsi kitabu chake cha safari ya Mkristo, kilichotoka mwaka 1678, kilivyowafikia wasomaji wa Kiswahili kabla karne ya 19 haijaisha. Tuliona pia jinsi mtafiti Isabel Hofmeyr, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alivyoonyesha kwamba kimetafsiriwa katika lugha za Kiafrika zipatazo 80. Bunyan hakuwaandikia watoto. Watoto walimnyakua wenyewe. Leo tuwageukie waandishi waliowakusudia watoto tangu neno la kwanza, na tuwasomee Kajiado, kwa sababu katika kaunti hii hadithi zao zinakutana na wasomaji ambao wao hawakuwahi kuwaota.

Wa kwanza ni C. S. Lewis. Alizaliwa Belfast mwaka 1898, akafundisha fasihi Oxford na baadaye Cambridge, na ni mtu aliyeiacha imani akiwa kijana kisha akairudia mwaka 1931. Kati ya 1950 na 1956 alitoa vitabu saba kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Narnia. Katika kile kilichotangulia, The Lion, the Witch and the Wardrobe, ndugu wanne wanaondolewa London wakati wa vita na kupelekwa kukaa kwa profesa mzee mashambani. (Mtoto wa Kitengela aliyezoea kupakiwa kwenye basi la ushago shule zikifungwa hahitaji kuelezwa sehemu hii.) Wakiwa huko wanapenya kabati la nguo na kutokea kwenye nchi ya baridi isiyokwisha, inayotawaliwa na mchawi mweupe. Mmoja wao, Edmund, anawauza ndugu zake kwa ajili ya peremende. Kwa sheria ya nchi ile, damu ya msaliti ni mali ya mchawi. Basi simba Aslan anajitoa afe mahali pa kijana yule. Anafungwa, ananyolewa manyoya ya shingo, anachomwa kisu juu ya meza ya mawe, na jua linapochomoza yu hai tena.

Msomaji wa Uingereza humjua simba kwenye nembo za wafalme na sanamu za mawe. Msomaji wa Kitengela anamjua kama jirani, tena jirani mwenye kesi.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imezungushiwa ua upande wa jiji. Upande wa kusini mpaka ni mto Mbagathi tu, na mto huo mnyama anauvuka apendapo. Tangu zamani nyumbu na punda milia wameuvuka kushuka tambarare za Athi-Kapiti kutafuta malisho, na simba wakawafuata. Kilichobadilika ni tambarare zenyewe. Zimekatwa ploti, zikajengwa magorofa ya kupangisha, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela. Simba hawakupewa nakala za hatimiliki. Mwezi Juni 2012, baada ya mbuzi na kondoo kuuawa usiku, wakazi wa eneo la Ilmasin waliwaua simba sita. Katika maeneo hayohayo yanayopakana na mbuga, mvulana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere, aliyekuwa na jukumu la kulinda ng'ombe wa babaye, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya jua na balbu za tochi, taa zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi kana kwamba kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alialikwa kwenye jukwaa la TED huko Marekani kueleza ubunifu huo.

Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria mpya ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori, yenye kifungu cha fidia kwa aliyeuawa, aliyejeruhiwa au aliyepoteza mifugo. Ukitaka kuchangamsha baraza la chifu popote Kajiado, taja neno fidia, kisha keti usikilize: fomu zilizojazwa, picha za mizoga zilizopigwa, na miaka ya kungoja. Simba katika mazungumzo hayo ndiye mdaiwa, na serikali ni mdhamini wake asiye na haraka.

Sasa mpe mtoto wa mazingira hayo kitabu ambamo simba ndiye anayelipa.

Hapa ndipo ninapoona kwamba Kajiado inampokea Lewis na kumwongezea kitu. Katika jamii ambayo wazee bado hukaa chini ya mti kuhesabu ng'ombe watakaolipwa ukoo uliomwagiwa damu, hakuna anayeshangaa kwamba usaliti una bei na kwamba bei lazima ilipwe na mtu. Wasomaji wengine hukwama papo hapo, wakiuliza kwa nini mchawi asifukuzwe tu. Mtoto aliyekulia karibu na boma haoni shida. Anachoona cha ajabu ni kwamba mnyama mwenye nguvu kuliko wote, ambaye angeweza kuchukua bila kuuliza, ndiye anayejitoa kufidia kosa la kijana mlafi. Mshangao huo ndio alioutaka Lewis, na sidhani kama aliupata kwa wepesi hivyo kwa wasomaji wa Oxford.

Biblia yenyewe haijamaliza mjadala kuhusu simba. Katika Ufunuo 5:5 yeye ni wa kabila la Yuda, mshindi. Katika 1 Petro 5:8 ni ibilisi anayezunguka akinguruma. Mhubiri wa mjini huchagua aya moja na kuiacha nyingine kwa Jumapili ijayo. Mtoto wa mfugaji anaweza kuzibeba zote mbili kwa pamoja, maana simba amemwogopa na amemstaajabia tangu alipoanza kuchunga ndama.

Namna ya kusoma nayo ina uzito wake. Narnia inafika huku kwa Kiingereza, mara nyingi nakala za mitumba zenye jina la mtoto wa nchi nyingine kwenye ukurasa wa kwanza. Nyumbani Kitengela, mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya kazi za viwanda vya Athi River au kwa ajili ya kodi nafuu kuliko ya Nairobi, usomaji wa jioni huwa wa lugha mbili au tatu. Mama anasoma Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili, mtoto anauliza kwa Sheng, na nyanya akiwepo anaongeza neno kwa Kikamba, Kikuyu au Kimaa. Kitabu kinasimama kila baada ya aya. Wataalamu wa usomaji wa haraka wangelia, lakini hadithi za aina hii zinanufaika kwa kusimamishwa. Maswali yanazuka katikati ya sura, kabla mwandishi hajajibu, na mzazi anajikuta akizungumza na mtoto wa miaka tisa juu ya usaliti kabla hajapanga kufanya hivyo.

Nadhani hilo ndilo linalowavuta wazazi zaidi, kupita hata maadili wanayoyataja wakiulizwa. Kufiwa, wivu wa ndugu kwa ndugu, aibu ya aliyedanganya: haya ni magumu kuyaanzisha mezani bila kugeuka mahakama. Hadithi inayaanzisha kwa niaba ya mzazi. Anayeshtakiwa ni Edmund, na mtoto aliyeiba sukari jana anaweza kumtetea kwa ufasaha mkubwa bila mtu kumtazama usoni.

Mwandishi wa pili tunaweza kumfuata kwa gari. Barabara inayotoka Athi River ikapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga haiishii mpakani; inaendelea Longido na Arusha, na ukiifuata hadi Babati na Kondoa utaingia Dodoma. Kusini-mashariki ya Dodoma kuna Mvumi, na katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko alifika mwaka 1938 daktari kijana kutoka Australia, Paul White. Hakukaa muda mrefu. Ugonjwa wa mkewe uliwarudisha kwao mwanzoni mwa miaka ya 1940. Lakini miaka hiyo michache ilimpa maisha mazima ya kuandika na kusimulia redioni. Mfululizo wake wa Jungle Doctor ulisomwa na watoto wa Kikristo duniani kote, na wengi wao waliyajua maneno kama hodi na karibu kabla hawajajua Tanganyika iko wapi.

Nitasema wazi kwamba hadithi zake za hospitalini zimezeeka vibaya. Daktari ni Bwana, tena kwa herufi kubwa. Waganga wa kienyeji ni wabaya wasio na utu. Wagogo, wenye nchi yao, wanaonekana zaidi wakiwa wagonjwa au wasaidizi. Mzazi anayezisoma leo ana kazi ya kuzijibu, na asiyezijibu anamfundisha mtoto jambo ambalo hakulikusudia.

Ngano zake ni habari nyingine. Mwaka 1955 alitoa Jungle Doctor's Fables, kitabu ambacho msimulizi wake ni Daudi, msaidizi wa hospitali, akiwa na wasikilizaji kando ya moto. Hapa daktari anakaa kimya, na kimya hicho kinamfaa. Kuna nyani aliyetumbukia kwenye matope na kujaribu kujivuta kwa ndevu zake mwenyewe. Kuna mwingine asiyesadiki kwamba mamba wapo, na hadithi yake haihitaji kumaliziwa. Kuna mtoto wa chui aliyelelewa kijijini kwa uji, mpole, akicheza na watoto huku wazee wakionya kwamba chui mdogo hatabaki mdogo, mpaka siku aliyoonja damu. Ngano hii mfugaji wa Kajiado haichukui kama fumbo kwanza. Anaichukua kama taarifa, kisha anagundua kwamba alikuwa akiambiwa kuhusu dhambi aliyoifuga mwenyewe. Mfuatano huo ndio siri yake. Ngano inayoanza na dhambi na kumtafuta chui baadaye huwa baridi.

Tena ardhi ilikwisha kulimwa kabla White hajazaliwa. Mwaka 1905 Claud Hollis alichapisha kitabu juu ya lugha na ngano za Wamaasai, na humo kuna sungura aliyeomba kubebwa na tembo kuvuka mto, akaila asali yote mfukoni mwa tembo na kuujaza mawe. Mwaka 1983 Naomi Kipury alitoa mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya Wamaasai, safari hii kwa jicho la mwenye mali. Ngano za White zinapoingia nyumba iliyokwisha kumsikia sungura yule, hazifiki ugenini. Tofauti iko kwenye nani anayeshinda. Sungura hushinda kwa ujanja na hatuombwi tumhukumu. Nyani wa White hashindi kwa ujanja hata mara moja. Lazima mwingine amnyooshee mkono. Mzazi akitaka kueleza neema ni nini, aziweke hadithi hizo mbili pamoja usiku mmoja.

Kuhusu Patricia St. John nitasema kidogo, ingawa kuna wasomaji wanaompenda kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1919, akafanya kazi ya uuguzi Morocco kwa miaka mingi, na kitabu chake maarufu, Treasures of the Snow cha mwaka 1950, kinahusu kijiji cha milimani Uswisi. Kijana Lucien anasababisha mtoto mdogo Dani aanguke bondeni na kuvunjika mguu. Dada yake, Annette, anamchukia Lucien kwa chuki ya kudumu, ya makusudi, inayopewa chakula kila siku. Hakuna mchawi wala mnyama wa kusingiziwa. Ni majirani wawili na kosa lisilofutika, na theluji ambayo mtoto wa Loitokitok haioni kuwa ngeni sana, maana asubuhi isiyo na mawingu huiona juu ya Kilimanjaro. Kitabu kiliandikwa muda mfupi baada ya vita vya pili vya dunia, mwandishi akifikiria watu waliohitaji kusameheana. Kwa watoto wa miaka kumi na zaidi sijui kingine cha aina hii kinachoiheshimu chuki kiasi hiki kabla ya kuishinda.

Linabaki swali la kuanzia wapi na Narnia. Wachapishaji wa sasa huweka kwanza The Magician's Nephew, kilichotoka mwaka 1955, kwa kuwa kinasimulia mwanzo wa nchi ile, na Lewis mwenyewe, katika barua kwa mvulana mmoja mwaka 1957, aliuunga mkono mpangilio huo. Nampinga kwa heshima zote. Anayeanza hapo humwona simba akiiumba dunia kwa kuimba kabla hajapata sababu ya kumwogopa, na kwa mtoto wa Kitengela hiyo ni hasara kubwa kuliko kwa mwingine. Anza na kile cha 1950. Asikie kwanza kwamba simba yuko njiani anakuja, ahangaike kidogo juu ya mbuzi, aulize kama zizi limefungwa. Na mzazi asiseme simba huyo ni nani. Lewis alisisitiza kwamba hakuandika fumbo la kufumbuliwa neno kwa neno. Alijiuliza tu Kristo angekujaje kama kungekuwa na dunia ya wanyama wanaosema. Mtoto akiuliza kabla ya sura ya meza ya mawe, ajibiwe kwamba bado hatujafika.

Wiki ijayo: wachapishaji wa Kikristo wa Nairobi, na kwa nini kitabu cha hadithi ni kigumu kuuza kuliko kitabu cha maombi.