Goma: Kabla ya kununua nyumba, uliza mtaa umekaa juu ya nini

Ukimwambia komisioneri wa Goma kwamba unatafuta nyumba ya familia, atakuonyesha mabati mapya, ukuta wa mawe, vyumba vitatu na saluni, halafu ataongeza kwamba kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa mkononi. Usipomuuliza, hatakuambia ni kitu gani kilipita mahali hapo Januari 2002, wala ni hewa gani inatoka ardhini alfajiri wakati hakuna upepo. Na katika mji huu, mambo hayo mawili yanatenganisha mtaa na mtaa kuliko uzuri wa nyumba.

Goma ina komine mbili, Goma na Karisimbi, zenye mitaa 18. Kaskazini, karibu kilometa 20, kuna Nyiragongo. Mlima huo ulilipuka 1977, ukalipuka tena 2002, kisha 2021. Mtu wa miaka 50 aliyezaliwa hapa ameishi nayo yote matatu.

Ule wa 17 Januari 2002 ndio unaofundisha zaidi mnunuzi. Wengi hufikiri moto unashuka kutoka kwenye kilele tu, kwa hiyo walio mbali na kilele wana muda. Siku ile ardhi ilipasuka upande wa kusini wa mlima, mipasuko ikateremka hadi Munigi, jirani na uwanja wa ndege. Lava ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji, ikateketeza Birere na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Kisha watu wakarudi na kujenga juu ya mawe yaleyale meusi. Ndiyo maana leo unaweza kununua nyumba nzuri yenye ghorofa bila kujua kwamba chini yake kuna nyumba nyingine.

Mei 2021 mji uliponea kidogo. Jumamosi tarehe 22 usiku, lava ilimeza maelfu ya nyumba katika vijiji vya wilaya ya Nyiragongo, ikasimama upande wa Buhene, mlangoni mwa mji. Siku tano baadaye, wakati ardhi ingali inatetemeka na nyumba zinapasuka, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa mitaa 10 waondoke: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans.

Anayetafuta nyumba angeiweka orodha hiyo mfukoni. Haimaanishi kwamba mitaa hiyo haifai. Ndiko kwenye masoko, kazi na shule ambazo mtoto anafika kwa miguu, na kumwambia mama anayeuza Virunga akaishi mbali na soko lake ni kumwambia alipe motari mara mbili kila siku hadi uzee. Lakini anayenunua huko anunue akijua, na apange kabisa familia itatokea wapi. Mwaka 2021 waliokimbia walishika njia tatu: barabara ya Sake upande wa magharibi, mpaka wa Gisenyi nchini Rwanda, na mashua za kwenda Bukavu. Barabara ya Sake ni moja, na siku ile ilijaa magari, pikipiki na watu wenye magodoro kichwani. Mpaka nao hufungwa na kufunguliwa kufuatana na siasa. Nyumba iliyo ndani ya vichochoro ambamo gari haliingii ina bei ndogo kwa sababu, na sababu hiyo inaonekana siku moja tu.

Kwa hiyo wenye uwezo wanasogea magharibi: Himbi, Keshero, Lac Vert, hadi Mugunga. Huko wanakutana na jambo la pili.

Wazee walilipa jina zamani kabla wataalamu hawajaja na vyombo: mazuku. Ni gesi ya kaboniki inayotoka katika mipasuko ya ardhi. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala chini, katika mabonde, mashimo na vyumba vilivyochimbwa. Jua na upepo vinaitawanya. Usiku na alfajiri inajikusanya tena. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbwa, mbuzi au mtoto anayecheza chini anaanguka. Kila mwaka mji unasikia habari za mtu aliyeteremka shimoni hakupanda tena, na mwingine aliyemfuata kumsaidia.

Tofauti ya hatari hizi mbili ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi. Kuhusu lava, mtaa mzima uko katika hali moja, na ukuta mzuri haubadilishi kitu. Kuhusu mazuku, kila kiwanja kina habari yake. Katika avenyu moja ya Keshero, nyumba iliyo juu inaweza kuwa salama miaka yote na ile iliyo mita 50 chini, katika bonde, ikawa na gesi. Basi usikatae mtaa wa magharibi kwa jina lake, wala usiukubali kwa jina lake. Nenda alfajiri, kabla jua halijapanda. Angalia kama kuna mijusi, ndege au wadudu waliokufa mahali pa chini. Waulize majirani, hasa wanaofuga. Wakaaji wa zamani hushusha kijinga cha moto shimoni, na kikizimika wanajua. Kichwa chako usikishushe kamwe. Kwa kipimo cha kweli, kuna Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, ambacho wataalamu wake wanazijua sehemu hizo. Muuzaji anayekasirika ukitaja kituo hicho amekujibu tayari.

Mambo mengine ni yale ya kila mji, ila Goma ina namna yake. Kuchimba choo juu ya lava ni kazi ya nyundo na patasi, inaweza kula pesa ya chumba kizima. Ukikuta nyumba mpya bila choo cha kudumu, hesabu gharama hiyo kabla ya kukubali bei. Maji nayo: bomba uani si maji, muulize jirani mara ya mwisho lilitoa lini. Mwaka 2021 tangi na mabomba ya upande wa Buhene viliharibika, na sehemu kubwa ya mji ikarudi kwenye bidoni na chukudu. Kipindupindu si mgeni hapa, na familia inayochota ziwani inakijua kwa karibu. Umeme hutegemea ni kampuni gani imefika katika avenyu yako: Ndosho, kwa mfano, ina mtambo wa jua wa Nuru tangu 2020.

Kaskazini, ambako bei hushuka, swali linageuka kuwa la karatasi. Mpaka kati ya mji na wilaya ya Nyiragongo umebishaniwa miaka mingi, na kuna nyumba ambazo shefu wa mtaa na shefu wa kijiji wote wanasema ni zao. Mnunuzi hupewa karatasi ya kimila yenye mihuri mingi na anaridhika. Lakini sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya uandikishaji, ile tunayoita sertifika. Karatasi ya shefu ni mwanzo wa njia, haimalizi. Nenda mwenyewe kadasta na namba ya kiwanja, usimtume komisioneri. Uliza pia kama ni urithi: ndugu mmoja akiuza na wengine watatu wako Kampala, umenunua kesi. Na aliyeoa hawezi kuuza peke yake. Kanuni ya Familia inataka mume na mke wakubali wote wawili. Mwone huyo mke kwa macho, si sahihi yake tu.

Tangu AFC/M23 kuuchukua mji mwisho wa Januari 2025, jambo hilo limekuwa zito zaidi. Mabenki yalifunga milango, malipo mengi yakabaki ya mkono kwa mkono, na waliouza kwa haraka ili waondoke waliuza kwa bei ambayo zamani ingekuwa ya kiwanja kitupu. Nyumba ya namna hiyo inavutia. Ila hati iliyotiwa sahihi na ofisi moja leo inaweza kukataliwa na ofisi nyingine kesho, na mwenye nyumba aliyekimbia anaweza kurudi kuiulizia. Kwa maoni yangu, ambaye muuzaji wake hapatikani hata kwa simu aache kwanza, hata bei iwe tamu namna gani.

Baadhi ya familia zimepata njia ya polepole. Wanapanga kwanza katika mtaa wanaoutaka, wanalipa garanti, wanakaa hapo majira ya mvua na majira ya jua. Wanajua maji ya mvua yanapita wapi, alfajiri inanuka nini, motari anakubali kufika saa ngapi za usiku, na nani kati ya majirani ana kesi ya kiwanja. Makomisioneri hawawapendi wateja hao. Wanasema wanachelewesha biashara, na tena wanaijua bei ya kweli.